Yellowknife mpaka Iqaluit: mbona kwenda masaa sita na nusu, kurudi matatu?

"Shikamoo mzee. Naishi Yellowknife, Kanada, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mama yangu amekuja kutoka Morogoro kututembelea, na Februari nataka nimpeleke Iqaluit akamwone mdogo wangu aliyepata kazi huko. Mtandaoni naambiwa ni kilomita 2,260 na ndege inatumia kama masaa matatu. Sasa tiketi: kwenda tunatoka 11:30 tunafika 17:55, kurudi tunatoka 09:00 tunafika 12:00, na njiani inasimama sehemu inaitwa Rankin Inlet. Kaka yangu anasema kurudi ni haraka kwa sababu dunia inazunguka, ndege ikielekea magharibi dunia inaifuata yenyewe. Mimi sielewi. Kwenye ramani ya simu naona mbali kama kwenda Ulaya. Mama ana sukari, anachoma insulini, naogopa kumkalisha hewani masaa sita na nusu, na saa yake ya mkononi mpaka leo inasoma saa za nyumbani, ndo inanichanganya zaidi. Hakuna ndege ya moja kwa moja? Au tupitie Ottawa?"

Marahaba binti yangu, na mama msalimie sana. Nimefanya kazi ya udispacha miaka mingi, yaani sisi ndo tunaokaa chini na karatasi kumpangia rubani njia, mafuta na wapi akimbilie mambo yakiharibika, nilianza Dar nikamalizia huko huko Kanada kwenye baridi, kwa hiyo swali lako limenikumbusha mengi. Nikuondolee hofu kwanza: mama hatakaa safarini masaa sita na nusu. Kwenda ni masaa manne na dakika 25. Na kurudi, ambako wewe unaona matatu, ni masaa matano kamili. Umeona? Kurudi ndo kurefu zaidi, kinyume kabisa na tiketi inavyoonekana na kinyume na kaka yako pia.

Shida ni saa. Tiketi ya ndege siku zote inaandika saa ya mahali ndege ilipo, haiandiki saa ya nyumbani kwako. Yellowknife na Iqaluit zimepishana masaa mawili, Iqaluit iko mbele kwa sababu iko mashariki, jua linawafikia mapema. Hiyo Rankin Inlet iko katikati, na saa yake nayo ni ya katikati, saa moja mbele ya Yellowknife na saa moja nyuma ya Iqaluit. Kwa hiyo mkiondoka 11:30 (saa tano na nusu asubuhi kwa saa zetu, nasema hivyo maana nimeshaona watu wanakosa ndege kwa kusoma 11:30 kama saa kumi na moja na nusu) na kufika 17:55, hapo katikati saa imerushwa mbele masaa mawili ambayo hamkuyaishi. Toa mawili kwenye 6:25, inabaki 4:25. Kurudi fanya kinyume, saa inarudishwa nyuma, mtaishi masaa mawili ambayo tiketi haiyaonyeshi, tatu jumlisha mbili ni tano. Basi, hamna uchawi.

Sasa la kaka yako, na simcheki maana hata watu waliosoma wanaliamini. Dunia inazunguka kweli, tena kwa kasi, pale kwenye ikweta ni kama kilomita 1,670 kwa saa, lakini hewa yote inazunguka nayo, na ndege inaogelea ndani ya hiyo hewa kama samaki ndani ya ndoo iliyopakiwa kwenye gari, gari likienda samaki anaenda nalo. Ingekuwa anavyosema yeye, helikopta ingepaa pale Kariakoo, ikatulia juu saa moja bila kwenda popote, halafu ikashuka Kongo maeneo ya Mbuji-Mayi, na nauli ingekuwa buku mbili. Haiwi hivyo.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Huko kaskazini, juu kwenye kilomita tisa au kumi ambako jeti zinapita, upepo kwa kawaida unatoka magharibi kuelekea mashariki, na kipindi cha baridi unakuwa mkali zaidi. Chukua jeti inayokata hewa kwa kilomita 800 kwa saa, ipe upepo wa kilomita 100. Ukiisukuma mgongoni inasogea juu ya ardhi kwa 900, ukiipiga usoni inabaki 700. Kwa umbali wenu huo ni kama masaa mawili na dakika 31 upande mmoja na masaa matatu na dakika 14 upande mwingine, njia ile ile, ndege ile ile. Ndo maana nikipiga hesabu ya ratiba yako naona kila kipande ni kama saa moja na dakika 45 kwenda, na kama masaa mawili kurudi, waliotengeneza ratiba wameshauweka upepo humo ndani. Siku ya kurudi, upepo ukiwa umelala, mtafika mapema na rubani atajisifu kidogo kwenye spika, mwacheni.

Na hapo hapo nimeshajua mtapanda jeti. Ingekuwa pangaboi kama ATR 42, ndugu za zile za Precision nyumbani, zinazokwenda kilomita 500 na kidogo kwa saa, masaa manne na nusu yasingetosha na kusimama juu yake. Ila usiweke moyoni sana, kule ndege hubadilishwa siku yenyewe ya safari kutegemea mizigo, na kuna jeti ambazo nusu ya mbele wamepakia maboksi ya maziwa na matairi, abiria mnakaa nyuma. Mama akiona ukuta karibu na mahali anapotegemea viti asidhani ndege ni mbovu.

Tuje kwenye ramani. Kwa macho ya simu uko sahihi, inaonekana mbali balaa. Ramani nyingi za kwenye skrini zimetokana na ile aliyoichora Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, na ili pembe za njia zibaki sawa ilibidi atanue nchi kadiri unavyopanda kaskazini. Chukua chenza ulimenye, utaona vipande vimenenepa tumboni na kuisha vyembamba kwenye ncha. Mistari ya longitudo ndo hivyo hivyo. Hapa kwetu kwenye ikweta, nyuzi moja ya longitudo ina kilomita 111. Kule kwenye latitudo 63, ambako miji yenu yote miwili ipo jirani, nyuzi moja ina kilomita kama 50 tu. Kati ya Yellowknife na Iqaluit kuna nyuzi karibu 46. Ukitoka Nairobi ukaenda mashariki nyuzi 46 unaishia katikati ya Bahari ya Hindi, kusini ya Sri Lanka na umeshaipita kidogo, zaidi ya kilomita 5,000. Kule nyuzi hizo hizo ni 2,260, pungufu kidogo ya Nairobi mpaka Kinshasa ambayo inafika kama 2,400. Skrini inakuonyesha mara mbili na zaidi ya ukweli.

Umesikia pia labda kwamba ndege zinapinda kuelekea ncha ya dunia ili kufupisha njia. Ni kweli, mstari mfupi kabisa juu ya mpira haufuati mstari wa latitudo, unapanda juu halafu unashuka. Kwa njia yenu mstari huo ungefika kama latitudo 65 katikati kisha ushuke. Lakini akiba yake ni ndogo, kama kilomita 45 hivi ukilinganisha na kwenda tambarare, dakika tatu nne za jeti. Watu hulisimulia jambo hili kama siri kubwa, na kwa safari za kuvuka mabara ni kubwa kweli, kwenu ninyi ni mboga tu. Na msidhani mnakaribia ncha, kutoka Iqaluit mpaka Ncha ya Kaskazini bado kuna kilomita 2,900 na ushee, mbali kuliko safari yenu.

Sasa kwa nini isiende moja kwa moja? Kilomita zenyewe hazina tatizo, jeti inaziweza vizuri. Watu ndo hawapo. Iqaluit ni mji mkuu wa Nunavut na sensa ya 2021 iliikuta na watu 7,429. Rankin Inlet hawafiki 3,000. Nunavut nzima, eneo kubwa kuliko Tanzania mara mbili, sensa hiyo iliikuta na watu kama 37,000, waweke wote Uwanja wa Mkapa na viti vinabaki. Na hakuna barabara hata moja inayotoka kusini kuingia Nunavut, wala kati ya mji na mji, kwa hiyo ndege kule ni daladala, ni lori, ni gari la wagonjwa. Daladala haiwezi kupita kituo bila kushusha.

Uzuri ni kwamba hiyo Rankin Inlet imekaa karibu kabisa kwenye njia. Yellowknife mpaka pale ni kama kilomita 1,136, pale mpaka Iqaluit 1,175, jumla 2,311. Kusimama kumewaongezea kilomita 50 tu! Lakini muda ndo unaliwa, na hapa ndo tovuti za kukokotoa umbali zinapowadanganya watu. Zenyewe zinachukua kilomita zinagawa kwa kasi ya angani, basi. Hazihesabu kwamba ndege lazima ijikokote mpaka kwenye njia ya kurukia, ipande dakika ishirini kwa kasi ndogo, ianze kupunguza mwendo mbali kabla ya kufika, na wakati wa baridi imwagiwe glaikoli ya moto kuyeyusha barafu kwenye mabawa. Muda wa tiketi unaanza ndege inapoachia maegesho unaisha inapoegesha. Ndege ya moja kwa moja ingetumia masaa matatu na robo hivi. Ukiikata safari mara mbili, unalipa kupanda mara mbili, kushuka mara mbili, na dakika 55 za kushusha watu, kupakia, kutia mafuta. Kwa hiyo hako kasimamo kanawagharimu saa moja na dakika kumi hivi. Kwa mama wala si mbaya, akinyoosha miguu damu inatembea.

Kuna kitu kingine tovuti hazikwambii na mimi ndo kilikuwa kinaninyima usingizi: mafuta ya akiba. Ndege ikienda Dodoma ikakuta mvua kubwa, inarudi Dar au inaenda Kilimanjaro, ni jirani tu. Ikienda Iqaluit ikakuta theluji inapeperuka huoni mita mia, uwanja wa maana wa kukimbilia ni kama Kuujjuaq, zaidi ya kilomita 600 kusini. Sheria inataka ndege iwe na mafuta ya kufika, kisha ya kwenda uwanja wa akiba, kisha ya dakika 30 zaidi kama ni jeti, 45 kama ni pangaboi. Mafuta ni uzito, na uzito huo unaondoa mizigo au abiria, ndo maana wakati mwingine begi lako linafika kesho yake na unaambiwa "uzito" wewe unadhani ni uzembe.

Na wakati mwingine hamfiki kabisa. Kuna safari niliwahi kuipanga mimi mwenyewe, hali ya hewa ilikuwa inaruhusu kwa karatasi, ndege ikafika juu ya mji, kepteni akazunguka mara mbili hakuona hata taa za njia, akarudi alikotoka. Wale abiria walikaa hewani masaa karibu matano wakashukia pale pale walipopandia, na mmoja alikuwa anawahi harusi yake. Sikukosea hesabu lakini nilijisikia vibaya wiki nzima. Februari kule ni mwezi wa mambo hayo, dhoruba inaweza kukaa siku mbili tatu. Kwa ubora wa uwanja Iqaluit wako vizuri, njia yao ya kurukia ni ndefu zaidi ya kilomita mbili na nusu, ilianza kujengwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili, na Airbus waliipeleka A380 pale Februari 2006 kuijaribu kwenye baridi, ila theluji ikipeperuka haiangalii urefu wa njia. Halafu ukiona kwenye tiketi uwanja wa Iqaluit umeandikwa YFB usishtuke, mji ulikuwa unaitwa Frobisher Bay mpaka 1987, jina likabadilika herufi zikabaki.

Ottawa je? Nimekupigia hesabu. Yellowknife hadi Edmonton kama kilomita 1,000, Edmonton hadi Ottawa 2,850, Ottawa hadi Iqaluit 2,100. Karibu kilomita 6,000, mara mbili na nusu na zaidi, na uwezekano mkubwa mnalala njiani. Faida yake ni kwamba huko kusini safari ni nyingi, ukikwama umekwama kwenye mji wenye hoteli, famasi na hospitali kubwa. Rankin Inlet hoteli ni chache na bei zake utadhani wamekosea kuandika sifuri. Na ujue, kama kilichozuia ndege ni hali ya hewa, sheria za Kanada zinataka shirika likutafutie safari nyingine, lakini haziwalazimishi kukulipia kitanda. Uende na hela.

Mimi ningemwambia mama yangu apite Rankin Inlet. Masaa manne na nusu na hatua chache za kutembea ni bora kuliko eapoti tatu za kusukumana. Ila kwa sharti moja ambalo nakuomba usilijadili na mtu: tiketi ya mama ya kurudi Tanzania isikae karibu na tarehe ya kurudi kutoka Iqaluit. Weka siku tatu nne katikati, na kama bado hujanunua, usinunue vipande tofauti tofauti vya kuungana siku moja, kimoja kikichelewa vingine vyote vinakufa na hakuna wa kumlilia.

Kuhusu insulini mimi si daktari, kwa hiyo hapa nasema yale tu ninayoyajua ya upande wa ndege. Isiingie kwenye begi la kupakia chini hata kidogo. Iende mkononi pamoja na sindano, mashine ya kupimia na vitu vitamu vya dharura, inaruhusiwa, waambie tu watu wa ukaguzi mapema. Insulini ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana nzima, na kule mara nyingi mnatembea kwa miguu nje kutoka ndegeni mpaka jengoni kwenye baridi ambayo hata nyusi zinaganda, basi aiweke ndani ya koti, kifuani, karibu na mwili. Chakula msikitegemee cha ndegeni, bebeni chenu, na dozi za siku mbili tatu za ziada kwa ajili ya kukwama.

Lakini saa za kuchoma, nani apime nini na lini, hilo uende naye kwa daktari au famasia wa hapo Yellowknife kabla ya safari, ana kwa ana, mchukue na dawa zake zote mkononi na hiyo ratiba yenye saa ulizokwisha kuzirekebisha. Na kama ana uvimbe wa mguu mmoja unaouma, au kidonda cha mguu, au sukari imekuwa ikishuka ghafla wiki hizi, usisubiri karibu na safari, nenda sasa. Kwenye kaunta ya shirika nako pita mwenyewe badala ya kupiga simu, ulizia ni ndege gani siku hiyo, safari ni siku zipi za wiki maana si kila siku, na uwaambie una mzazi mwenye sukari waandike kwenye tiketi yake.

Simu yako itajibadilisha saa yenyewe mkifika Rankin Inlet, halafu tena Iqaluit, usishangae. Hiyo saa ya mkononi ya mama, ambayo unasema inakuchanganya, muache nayo hivyo hivyo asiiguse, ndo itakayomaliza ubishi na kaka yako. Mkiwa mnaondoka Yellowknife itakuwa inasoma saa tatu na nusu usiku ya Morogoro, mkitua Iqaluit kwa ratiba hiyo itasoma saa nane kasoro dakika tano. Hesabuni hapo, ni masaa manne na dakika 25.